Pimeni Uwezo wa Dereva, Mkojo Hautawajibu: Barua ya wazi kuhusu bangi na usukani Dar es Salaam

Kwa: Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani; Mkurugenzi Mkuu wa LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini); Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya; Mkemia Mkuu wa Serikali; Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam.

YAH: NAMNA YA KUWAPIMA MADEREVA WANAOSHUKIWA KUVUTA BANGI

Waheshimiwa,

Sisi tunaowaandikia ni watu wa maabara, wafamasia na wakufunzi wa udereva wa hapa Dar es Salaam. Tuna hoja moja. Dereva aliyevuta bangi ni hatari kwa saa kadhaa baada ya kuvuta, na ndani ya saa hizo ndipo anapotakiwa kutolewa barabarani. Kipimo cha mkojo, ambacho husikika kikipendekezwa kila daladala au bodaboda inapopata ajali mbaya, hakiwezi kuzionyesha saa hizo. Kinaweza kumwachia aliyeuzima msokoto robo saa iliyopita na kumnasa aliyevuta wiki mbili nyuma. Tunaomba uwepo utaratibu mwingine, na tutaueleza pamoja na udhaifu wake.

Kemikali inayolewesha kwenye bangi inaitwa THC. Mtu akivuta, kiwango chake kwenye damu hufika kileleni kati ya dakika ya 3 na ya 10, pengine msokoto wenyewe haujaisha. Kisha kinaporomoka: ikitimia saa moja, damu imebakiwa na sehemu ndogo tu ya kile cha mwanzo, na bado stimu imemkolea mhusika. Pombe haiendi hivyo. Pombe hupungua kwenye damu kwa mwendo unaokadirika, na ulevi hushuka nayo, ndiyo maana mtu akipuliza kipima ulevi namba inayotoka ina maana. THC hupenda mafuta. Hutoka kwenye damu ikaingia ubongoni na kwenye mafuta ya mwili, halafu kwa mvutaji wa kila siku hurudi kwenye damu kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kwa hiyo namba ya THC kwenye damu, ikisimama peke yake, haituelezi dereva yuko katika hali gani.

Huko ubongoni THC hujishika kwenye vipokezi ambavyo vimejaa sehemu nne zenye kazi kubwa barabarani: hipokampasi inayotunza kumbukumbu za karibuni, serebelamu ya kisogoni inayopatanisha mizani na mwendo wa viungo, sehemu za ndani zinazoanzisha na kusimamisha mwendo, na sehemu ya mbele inayopima maamuzi. Kwenye shina la ubongo linaloongoza pumzi vipokezi hivyo ni vichache, na ndiyo sababu bangi haikati pumzi kama heroini. Kutokana na hilo vijana wengi husema bangi haina madhara. Haikati pumzi, ni kweli, lakini inagusa kila kitu ambacho mwendesha pikipiki anakitegemea.

Mfikirieni bodaboda anayeshuka Barabara ya Mandela kutoka Tabata kuja Buguruni saa 12 jioni. Kushoto kwake kuna lori la kontena linaloelekea bandarini. Mbele bajaji imepunguza mwendo bila kuwasha indiketa. Abiria anamwelekeza njia sikioni, na muuza maji ameshaweka mguu mmoja barabarani. Mambo manne yanataka kufuatwa kwa pamoja, na kugawa akili namna hiyo ndiko kunakoharibika mapema mtu akivuta. Anaweza kuitazama bajaji vizuri sana, akaikodolea, kisha muuza maji akatoka kabisa kichwani mwake. Kumbukumbu ya muda mfupi nayo inavuja: sekunde mbili zilizopita aliliona lori kwenye saitimira, ila anapotaka kuhama njia taarifa ile haipo tena. Hata hisia ya muda inapinda. Mtu mwenye stimu huhisi muda mrefu umepita kumbe ni mfupi, kwa hiyo makadirio yake ya lini lori litamfikia yanakosea.

Halafu kuna breki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa maeneo ya makazi, chombo kinakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mpanda akichelewa nusu sekunde tu kubana breki, amekwishasogea mita 7 zaidi, yaani karibu upana wa njia mbili za magari. Kwa anayevuka pale Buguruni, mita hizo 7 zinatosha kuamua kama atafika upande wa pili.

Madhara haya yamepimwa barabarani, si maabara pekee. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uholanzi ambapo watu 26, wavutaji wa mara mojamoja, walipewa mvuke wenye miligramu 13.75 za THC na kuendesha gari kwenye barabara kuu mkufunzi akiwa pembeni. Kati ya dakika ya 40 na ya 100 gari liliyumba ndani ya njia yake kwa kiasi kinachokaribia cha dereva mwenye pombe ya 0.05, yaani gramu 0.05 kwa kila mililita 100 za damu. Baada ya saa 4 hadi 5 tofauti haikuonekana tena. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa Chuo Kikuu cha Sydney na kutolewa mwaka 2021 uliweka muda wa kuathirika kati ya saa 3 na saa 10, kutegemea dozi, njia ya kutumia na mazoea ya mtumiaji. Mvutaji wa Manzese au Mbagala hajui msokoto wake una miligramu ngapi, na ikiwa ni skanka, yaani bangi yenye nguvu zaidi, dozi inaweza kuwa kubwa maradufu bila msokoto kuongezeka ukubwa. Biskuti na keki za bangi zina hila yake. Mlaji hukaa dakika 30 hadi 90, wakati mwingine zaidi, bila kuhisi kitu. Anaongeza nyingine, anawasha gari, na inamkuta njiani. Iliyoliwa hudumu saa 6 hadi 8 na kuendelea.

Kuna jambo vijana wa vijiweni hulisema, nasi hatutaki lipuuzwe: "Mimi nikivuta naendesha taratibu." Kwa sehemu ni kweli. Majaribio yanaonyesha aliyevuta mara nyingi hujihisi kuwa hayuko sawa, hupunguza mwendo na kuacha nafasi mbele, wakati mlevi wa pombe hujiona shujaa akakanyaga mafuta. Lakini kupunguza mwendo kunamsaidia kwenye barabara iliyonyooka isiyo na jambo. Mtoto akichomoka nyuma ya daladala, kinachohitajika ni uamuzi wa haraka, na huo ndio uliopungua. Zaidi ya hapo, pikipiki ikienda polepole sana ndipo mizani inapomtegemea zaidi mpanda mwenyewe, na serebelamu yake ndiyo iliyoguswa. Kwa hiyo ushauri wa "nenda mdogomdogo" hauna faida kwa bodaboda kama unavyoweza kuwa nayo kidogo kwa mwenye gari.

Wala hatusemi bangi ni mbaya barabarani kuliko pombe. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba aliyevuta karibuni ana hatari ya ajali karibu mara 2. Mwingine wa mwaka 2016 ukaishusha hadi kati ya mara 1.2 na 1.4. Pombe nyingi inapita hapo kwa mbali. Kinachotutia hofu zaidi ni viwili hivyo vikikutana. Katika majaribio ya Uholanzi ya miaka ya 1990, pombe ya 0.04, ambayo kwa kiwango chetu cha 0.08 cha dereva wa kawaida si kosa, ilipochanganywa na dozi ndogo ya THC iliyumbisha gari kama pombe ya 0.09. Dozi ya THC ilipoongezwa mara mbili, gari liliyumba kama la mwenye 0.14. Trafiki anayesoma 0.04 kwenye kipima ulevi na kumruhusu dereva huyo aende hajakosea sheria, lakini huenda amemruhusu mtu aliyelewa chakari. Tungependa hili lifundishwe kwanza: dereva anayeyumba na kipimo chake cha pombe kiko chini, huyo ndiye wa kuchunguzwa zaidi.

Sasa mkojo. Kipimo cha papo kwa papo kinachouzwa kwenye maduka ya dawa hakitafuti THC. Kinatafuta mabaki ambayo ini limeyatengeneza baada ya THC kuvunjwa, na mabaki hayo hayaleweshi. Kwa aliyevuta mara moja, huchukua saa moja hadi nne kufika kwenye mkojo kwa wingi wa kuonekana, ambao kwa vipimo vingi ni nanogramu 50 kwa mililita. Anayetoka kuvuta anaweza kupimwa na kuonekana safi. Baada ya hapo mabaki hubaki siku 3 au 4 kwa mvutaji wa nadra, na kwa wa kila siku hufika siku 30, pengine zaidi. Kuna na kosa la kusoma ambalo linaumiza watu: kwenye vipimo hivi, mstari ukionekana sehemu ya T, hata ukiwa hafifu kiasi gani, jibu ni hasi. Chanya ni pale mstari wa T usipotokea kabisa huku wa C upo. Wa C usipotokea, kipimo kimeharibika na hakuna jibu lolote. Kwa kuwa vipimo vya mimba na malaria husomwa kinyume chake, mtu aliyezoea hivyo akikabidhiwa kipimo cha mkojo bila mafunzo atamtia hatiani dereva asiye na kitu.

Hatusemi mkojo hauna kazi. Unafaa kliniki, kufuatilia anayejitahidi kuacha. Ila haufai kuthibitisha kwamba fulani aliendesha akiwa amelewa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973 inakataza kuendesha ukiwa umelewa pombe au dawa. Kutumia bangi ni kosa lenyewe chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Ni makosa mawili, kila moja na ushahidi wake, na yakichanganywa kesi ya barabarani itaangushwa na wakili yeyote anayejua saa na siku tulizotaja.

Badala yake tunapendekeza ngazi tatu zifuatane: mwenendo wa chombo, majaribio ya mwili, kisha maabara.

Askari aanze kwa kuandika alichokiona kabla hajamsimamisha dereva: kuyumba ndani ya njia, kusimama mbali mno na taa, kuchelewa kuondoka taa ya kijani ilipowaka. Saa na dakika ziandikwe. Baadaye aandike harufu na usemi. Macho mekundu yasipewe uzito. Mpanda pikipiki aliyeshinda juani kwa saa 12 akiwa na helmeti isiyo na kioo ana macho mekundu kwa vumbi na moshi tu.

Kwenye majaribio ya mwili, dereva asogezwe mahali pakavu, tambarare na penye mwanga. Kituo cha mafuta kinafaa. Ukingo wa Barabara ya Kilwa huku malori yakipita haufai. Mwenye kandambili avue. Aulizwe kama ana jeraha la mguu au mgongo, na amelala kwa muda wa saa ngapi. Maelekezo yasomwe kwenye kadi ya Kiswahili, maneno yaleyale kwa kila mtu. Jaribio la kwanza ni kutembea: mguu wa kulia mbele ya wa kushoto, kisigino kikigusa vidole, mikono ubavuni, asubiri hadi aambiwe aanze. Hatua 9 kwenye mstari akihesabu kwa sauti, ageuke kwa hatua ndogondogo, arudi hatua 9. Askari anatazama kama anaanza kabla ya kuambiwa, anasimama katikati, anaacha pengo kati ya kisigino na vidole, anatoka kwenye mstari, ananyanyua mikono kujisawazisha, anageuka vibaya, anakosea hesabu au anapoteza mizani akiwa bado anasikiliza. Dalili 2 kati ya hizo 8 zinatosha kutia shaka. La pili ni mguu mmoja: anyanyue mguu wa pili sentimita 15 kutoka chini na kuhesabu mpaka asimamishwe, sekunde 30 kwa saa ya askari. La tatu ni la muda: afumbe macho, ainamishe kichwa nyuma kidogo, aseme anapodhani sekunde 30 zimetimia. Mwisho kidole kisogezwe taratibu kuelekea puani mwake. Kwa aliyevuta, mara nyingi jicho moja au yote hushindwa kuingia ndani kukifuata. Kile kipimo cha jicho kurukaruka likitazama pembeni, ambacho hutumika sana kwa pombe, kwa bangi hakina msaada.

Udhaifu wa majaribio haya lazima mwujue mapema. Mwaka 2023 zilitolewa takwimu za jaribio la California ambapo watu 184 walivuta, wengine bangi ya kweli, wengine iliyoondolewa nguvu, na askari waliofunzwa wakawapima bila kujua nani kavuta nini. Miongoni mwa waliovuta bangi ya kweli, asilimia 81 walionekana na askari kuwa wameathirika. Lakini asilimia 49 ya wale ambao hawakuwa na kitu nao walionekana wameathirika. Nusu nzima! Kwa dereva wa hapa aliyeendesha tangu alfajiri akiwa na njaa, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana majaribio ya mwili yanampa askari sababu ya kumzuia dereva asiendelee na safari na sababu ya kuchukua sampuli. Yasimpe sababu ya kumfunga mtu.

Sampuli ya kwanza iwe mate. Jimbo la Victoria, Australia, limekuwa likipima mate ya madereva barabarani tangu Desemba 2004. Kipimo cha mate kinatafuta THC yenyewe, iliyobaki kinywani baada ya kuvuta, kwa hiyo dirisha lake ni la saa chache hadi nusu siku kwa wengi, ingawa kwa mvutaji mzito linaweza kupita siku moja. Mambo mawili huharibu. Kwanza, bangi hukausha kinywa. Dereva anaweza kushindwa kutoa mate ya kutosha, na kipimo chenye mate pungufu kisisomwe. Asubirishwe dakika 10 bila kula, kunywa wala kuvuta, kisha arudie. Pili, joto. Maboksi ya vipimo yameandikwa kiwango cha juu cha joto la kuhifadhia, na buti la gari lililoegeshwa juani Ubungo mchana linapita kiwango hicho kirahisi. Yabebwe kwenye kibebeo cha baridi kama kile cha chanjo.

Mate yakiwa chanya, ichukuliwe damu, na hapo saa inakimbia. Damu iliyochukuliwa saa 3 baada ya ajali inaweza kuwa na THC kidogo sana hata kama dereva aligonga akiwa na stimu kali. Tunaomba ukomo wa saa 2 tangu kusimamishwa, na saa ya kuchukua iandikwe kwenye chupa papo hapo. Chupa iwe ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi ya sodiamu na oksalati ya potasiamu, ijazwe hadi alama, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, ikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8 hadi ifike kwa Mkemia Mkuu. Ya glasi ni bora kuliko ya plastiki kwa sababu THC hunata kwenye plastiki na kipimo hushuka. Kuhusu kiwango cha kisheria, Uingereza mwaka 2015 iliweka maikrogramu 2 kwa lita ya damu. Ujerumani mwaka 2024 iliweka nanogramu 3.5 kwa mililita ya seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake. Hatushauri kunakili namba ya yeyote. Kiwango chochote mtakachochagua kisomwe pamoja na fomu ya majaribio ya mwili, kwa sababu tulizozitaja juu.

LATRA, neno letu kwenu ni la zamu. Dereva anayetakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na ambaye kulala kwake ni kumkabidhi deiwaka chombo kwa saa chache, huvuta akiamini bangi inaondoa uchovu. Haiondoi, inamfanya asiusikie. Wekeni kwenye masharti ya leseni ya usafirishaji kwamba mmiliki atunze daftari la zamu, na likaguliwe pamoja na bima. Hili ni gumu kulisimamia, tunajua, lakini bila hilo mtakuwa mnapima madereva wale wale kila mwezi.

Na anayekuja mwenyewe kuomba msaada asinyang'anywe leseni kwa kuja kwake. Kliniki za methadoni za Muhimbili, Mwananyamala na Temeke zinawasaidia waraibu wa heroini. Kwa bangi methadoni haifanyi kazi, na hakuna dawa nyingine iliyothibitishwa kwa uraibu huo. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa wiki kadhaa. Aliyekuwa akivuta kila siku akiacha, siku ya 2 hadi ya 6 huwa mbaya: hasira, usingizi wa kukatika, hamu ya kula kupotea, na huchukua kama wiki 2 kutulia. Dereva aliyeacha Jumatatu asipangiwe basi la usiku Alhamisi. Makali ya kumbukumbu na umakini kwa wengi hurudi ndani ya takriban wiki 4, kwa hiyo mwezi mmoja wa kazi nyepesi, gereji au kwenye stendi, ni muda wa haki kwake na kwa abiria.

Kwa kuanzia, tunaomba kadi ya maelekezo ya Kiswahili na fomu ya kurasa 2 viandaliwe kwa pamoja na Kikosi na ofisi ya Mkemia Mkuu, vijaribiwe Kinondoni, Ilala na Temeke kwa madereva waliojitolea wasiotumia kitu chochote, ili ijulikane ni wangapi kati yao watashindwa kwa uchovu tu. Namba hiyo ipatikane kabla dereva wa kwanza hajafikishwa mahakamani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wataalamu wa maabara, wafamasia na wakufunzi wa udereva,
Dar es Salaam